Husnah wa Uganda na Sisi wa Ziwa Mweru



Hapa kando ya ziwa, Nchelenge na Kashikishi, watoto wengi hujifunza kuogelea mapema kama kutembea. Lakini mtoto mwenye ulemavu mara nyingi huachwa ufukoni alinde nguo za wenzake. Mfanyakazi aliyekatika mkono naye tunamfanyia hivyo hivyo. Tunampa pole, tunamchangia unga, kisha tunamsahau. Kwa sababu hiyo leo tunawaletea habari za binti mmoja wa Uganda.

Binti huyo ni Husnah Kukundakwe. Alizaliwa mwaka 2007 bila mkono wa kulia kuanzia chini ya kiwiko, na hata mkono wake wa kushoto una kasoro. Mwaka 2021, akiwa na miaka 14, aliiwakilisha Uganda kule Tokyo katika Paralimpiki, yaani michezo mikubwa ya walemavu wa dunia nzima. Wanamichezo walizidi 4,000, na yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Aliogelea mita 100 kwa mtindo wa chura. Medali hakupata, lakini hakukata tamaa. Mwaka 2024 aliingia tena majini, safari hii Paris.

Wengine watauliza: mtu wa namna hiyo anashindanaje? Ndugu, kabla ya mashindano wataalamu humpima kila mwogeleaji na kumweka katika daraja lake. Kwa wenye ulemavu wa viungo, namba ikiwa ndogo, ulemavu ni mzito zaidi. Tokyo Husnah aliogelea katika daraja la 8. Basi hapo hakuna kuhurumiana. Mtu anapimwa kwa kile alichonacho, kisha saa inaamua.

Tena ulemavu si wa kuzaliwa tu. Natalie du Toit wa Afrika ya Kusini alikuwa tayari mwogeleaji hodari alipopoteza mguu wa kushoto katika ajali ya barabarani mwaka 2001. Alikuwa na miaka 17. Alirudi majini, na mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, aliogelea kilomita 10 pamoja na wenye miguu miwili, akawa wa 16. Ninyi mnaopiga kasia mnajua kilomita 10 ni kitu gani.

Lakini hakuna aliyefika huko peke yake. Husnah alisimamiwa na mama yake, akapata mwalimu na bwawa. Sisi bwawa letu ni ziwa, na ziwani mna mamba. Kwa hiyo kazi ni yetu sote.

Kwanza, mwajiriwa akiumia kazini, tawi lipewe habari mara moja. Sheria ya Fidia ya mwaka 1999 ipo, lakini fidia haimfuati mtu nyumbani asipoidai.

Pili, mwenzetu aliyebaki na mkono mmoja asifukuzwe kabla ya kupimwa kwa kile anachoweza. Anaweza kuhesabu mizigo, kulinda ghala, kupima samaki kwenye mizani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2012 inakataza ubaguzi.

Tatu, wazazi, msimfiche mtoto ndani. Mtafuteni mahali salama, mtu mzima awe karibu, naye afundishwe kuogelea kama wenzake.

Kila tawi lilete majina ya wanachama wake walioumia kazini. Tuanze na hao.