Basari: Kipindi cha Masomo Kiandikwe Wazi
Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, ilhali mwaka wa masomo huanza Januari. Kwa hivyo, mwaka mmoja wa fedha hugusa miaka miwili ya masomo. Rejista ya kompyuta ikionyesha tarehe ya hundi pekee, karo ya muhula wa tatu iliyochelewa kulipwa hadi Januari itahesabiwa kuwa ya mwaka mpya, na mwanafunzi ataonekana amekwisha kufaidika. Ndiyo maana kila basari huhitaji safu tatu: mwanzo wa kipindi inachogharamia, mwisho wake, na tarehe ya malipo. Wazazi wanahimizwa kuandika mwaka na muhula kwenye fomu, na kuhifadhi risiti za shule.