Somo la Maziwa: Kulifikisha Tokeo la Utafiti Darasani

Miongoni mwa sentensi ambazo watoto wetu huzinakili kutoka ubaoni ni hii: "Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa." Huiandika kwa hati nzuri, huijibu katika mtihani na kupata alama zao, kisha hurudi nyumbani wakanywa maziwa mabichi kama walivyokunywa jana. Mwalimu anayesahihisha madaftari huridhika kwamba somo limefundishwa. Ukweli ni kwamba somo halijafundishwa, limeandikwa tu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kulichukua tokeo la utafiti wa kisayansi na kulifanya kuwa somo litakalomfikia mtoto. Mfano tuliouchagua ni utafiti wa maziwa na mifugo uliofanywa katika Nyanda za Juu Kusini na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.  Chuo hiki kilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi kilipofanywa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Kazi yake inahusu moja kwa moja kikombe anachokishika mtoto wa Rujewa kila asubuhi.

Mahali Penyewe

Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, katika uwanda wa Usangu. Hapa hulimwa mpunga wa kumwagiliwa, na hapa hapa wamefuga Wasangu wenyeji pamoja na wafugaji waliotoka sehemu nyingine za nchi, wakiwamo Wasukuma na Wamasai. Maji ya Usangu hukusanyika katika Mto Ruaha Mkuu, ambao huelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka sehemu fulani wakati wa kiangazi. Maji yanapopungua, watu, mifugo na wanyama wa porini hukutana kwenye madimbwi machache yaliyosalia. Wanapokutana wao, magonjwa yao pia hukutana.

Magonjwa mawili yanatuhusu katika somo hili. La kwanza ni kifua kikuu cha ng'ombe. Kijidudu chake ni ndugu wa karibu wa kile kinacholeta kifua kikuu cha kawaida cha binadamu, nacho huweza kumwingia mtu kwa njia ya maziwa mabichi. Aghalabu mtu aliyeambukizwa kwa njia hiyo huvimba matezi ya shingo au huugua tumboni badala ya kukohoa. La pili ni brusela, ambayo wafugaji huijua kwa dalili yake, yaani ng'ombe au mbuzi kutupa mimba. Binadamu huipata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma na kijusi kilichotoka bila kujikinga mikono. Mgonjwa hupata homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi na maumivu ya viungo, hata watu wakadhani ni malaria.

Utafiti Ulivyofanywa

Mwaka 1998 Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maziwa mabichi ya ng'ombe wa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini. Walikusanya sampuli 805 za maziwa. Kila sampuli ilipelekwa maabara ili vijidudu vya jamii ya kifua kikuu, kama vimo, vioteshwe na kutambuliwa. Kazi hii hutaka subira, kwa kuwa vijidudu hivyo hukua polepole mno na huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonekana. Sampuli 31 zilionekana kuwa na vijidudu vya jamii hiyo. Vilipochunguzwa zaidi, sampuli 2 tu ndizo zilizokuwa na kijidudu chenyewe cha kifua kikuu cha ng'ombe. Nyingi katika zilizosalia zilikuwa na ndugu zake wengine, ambao baadhi yao hukaa katika maji na udongo.

Mwaka 2001 watafiti hao walitoa matokeo mengine, safari hii ya kuwapima ng'ombe wenyewe katika Nyanda hizo hizo. Kipimo cha ugonjwa huu ni cha ngozi: ng'ombe huchomwa sindano yenye dawa maalumu shingoni, na baada ya siku 3 uvimbe wa mahali hapo hupimwa. Takriban ng'ombe 13 katika kila 100 waliopimwa walionyesha kwamba wameambukizwa. Jambo la kukumbukwa ni kwamba ng'ombe wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima, mwenye kula na kukamuliwa kama wengine. Katika miaka hiyo hiyo kijidudu hicho kilitambuliwa pia katika matezi ya shingo ya wagonjwa wa hapa Tanzania.

Mwaka 2006 Chuo cha Sokoine kilianza mradi mwingine kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani. Mradi huo ulichunguza kwa pamoja afya ya watu, mifugo, wanyama wa porini na maji katika eneo la Ruaha. Kifua kikuu cha ng'ombe na brusela vilipatikana katika mifugo na katika wanyama wa porini. Lakini tokeo linalotugusa zaidi sisi walimu, lililochapishwa mwaka 2009, halikutoka maabara. Zaidi ya theluthi mbili ya kaya zilizoshiriki hazikuamini kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa kutokana na mifugo.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu. Mtoto aliyetoka katika kaya ya namna hiyo hakuja darasani akiwa mtupu. Amekuja na elimu ya nyumbani, iliyojengwa juu ya jambo analoliona kila siku: babu yake amekunywa maziwa mabichi miaka 70 na yungali hai. Sentensi moja ya ubaoni haiwezi kushindana na babu.

Kuzisoma Hesabu kwa Uaminifu

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hana budi kuzielewa hesabu hizi mwenyewe. Sampuli 31 katika 805 ni karibu 4 katika kila 100. Sampuli 2 katika 805 ni pungufu kidogo ya 1 katika kila 400. Mwalimu mwenye haraka atatamani kuificha ile 2 na kuitangaza ile 31, kwa kuwa inatisha zaidi. Asifanye hivyo. Mtoto akija kugundua kwamba mwalimu aliongeza chumvi, hatamwamini hata pale atakaposema kweli tupu.

Tena ile 2 inatosha, kwa sababu watu hawanywi sampuli. Maziwa ya ng'ombe kadhaa humiminwa katika chombo kimoja. Maziwa ya kaya kadhaa huchanganywa katika ndoo ya mchuuzi. Na mtoto hunywa kila siku, mwaka baada ya mwaka. Jambo lililo nadra kwa siku moja si nadra kwa utoto mzima. Kadhalika, hesabu hiyo inatueleza kwa nini babu yungali hai: hatari haimpati kila anywaye. Maelezo hayo hayamfanyi babu kuwa mwongo, wala hayamwondolei mjukuu hatari.

Hatua za Somo

Tunapendekeza somo hili lifundishwe Darasa la Tano kwa vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza: kusikiliza. Mwalimu aulize: "Nyumbani kwenu maziwa hutengenezwaje?" Watoto waeleze kukamua, kuhifadhi, kugandisha na kuuza. Mwalimu aandike ubaoni yote wanayoyasema bila kusifu wala kulaumu. Asiulize ni nani anywaye mabichi. Mwishoni aulize: "Je, ugonjwa wa ng'ombe unaweza kumpata mtu?" Majibu yote yaandikwe na yahifadhiwe mpaka kipindi cha mwisho.

Kipindi cha pili: kuchanganya. Zana ni vikombe 10 vya maji safi ya kunywa, ndoo safi na chumvi. Kabla watoto hawajaingia, mwalimu akoroge vijiko vidogo vinne vya chumvi katika kikombe kimoja. Watoto watazame vikombe vyote na kusema kipi ni tofauti. Hawataweza, na hilo ndilo fundisho la kwanza: ng'ombe mgonjwa hatambulikani kwa macho. Kisha vikombe vyote vimiminwe katika ndoo, na watoto wachache waonje, kila mmoja kwa kijiko chake. Chumvi itakuwa imeenea kote. Methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza itakuja yenyewe midomoni mwao. Papo hapo mwalimu awaongoze kukokotoa 31 katika 805, ili kipindi cha hesabu kipate faida yake.

Mfano huu una upungufu ambao mwalimu lazima autaje. Maji ya chumvi yakichemshwa, chumvi haitoweki. Mtoto mwerevu anaweza kudhani kwamba kuchemsha hakusaidii. Aelezwe kwamba chumvi haina uhai, bali kijidudu kina uhai, na chenye uhai hufa kwa moto.

Kipindi cha tatu: kuchemsha. Mwalimu agawe maziwa mabichi ya asubuhi katika chupa mbili safi. Ya chupa moja yachemshwe kwanza, mwalimu mwenyewe akiwa ndiye mwenye kushika sufuria, kisha yarudishwe katika chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Chupa zifunikwe na kuwekwa mahali pamoja. Watoto waandike wanachokiona saa kwa saa hadi kesho yake. Kwa kawaida yale mabichi huganda mapema zaidi. Vijidudu vinavyogandisha maziwa si vile vya kifua kikuu, na watoto waambiwe hivyo wazi. Lakini wameona kwa macho yao kwamba moto umeondoa kitu kilichokuwa hai. Maziwa hayo yasinywewe na yeyote. Baada ya hapo darasa lirudi kwenye majibu ya kipindi cha kwanza, na kila mtoto aseme kama angependa kubadili jibu lake, na kwa sababu gani.

Hapa mwalimu anaweza kuwasimulia habari za kisiwa cha Malta. Askari wa Uingereza waliokaa huko waliugua homa isiyojulikana chanzo chake. Mwaka 1887 daktari David Bruce alikiona kijidudu chake, lakini hakuna aliyejua kilitoka wapi. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa Malta, alikigundua katika mbuzi walioonekana wazima kabisa, ambao maziwa yao yalinywewa mabichi. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa hayo, na homa ikapungua sana miongoni mwao. Ugonjwa huo ndio brusela, uliopewa jina kutokana na jina la Bruce. Watoto wataelewa kwamba jambo hili si aibu ya wafugaji wa Usangu. Limewapata watu wengi duniani kabla hawajaelimika.

Mambo ya Kujihadhari

Kwanza, tusiwatishe watoto wakayakimbia maziwa. Maziwa ni chakula bora, na katika kaya nyingi ndiyo yanayomkinga mtoto na utapiamlo. Mtoto anayeacha maziwa kwa hofu amepata hasara, naye aliyemtia hofu ni mwalimu.

Pili, tusiitukane nyumba ya mtoto wala kulitaja kabila lolote kwa kejeli. Mtoto akilazimishwa kuchagua kati ya mwalimu na mama yake, atamchagua mama, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tatu, tuzitambue sababu za watu. Wako wasiochemsha kwa kuwa kuni ziko mbali, na wako wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri. Hawa wa pili wanasema kweli, maana moto huua pia vile vijidudu vya kugandisha. Dawa yake ni rahisi: maziwa yachemshwe mpaka yafure, yaachwe yapoe hadi kuwa vuguvugu, kisha yatiwe kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Tusiwaambie watu kwamba kuganda peke yake kunatosha, kwa kuwa uchachu hauaminiki kuua vijidudu hivi vyote.

Nne, mwalimu si mganga. Mtoto mwenye homa isiyoisha au matezi yaliyovimba apelekwe kwenye kituo cha afya, na mwalimu amsihi mzazi amweleze mganga kwamba nyumbani wanafuga. Habari hiyo ndogo huweza kumwelekeza mganga kwenye kipimo kinachofaa.

Hitimisho

Watafiti wa Morogoro walikwenda kwenye mazizi, wakachukua maziwa, wakasubiri majuma, wakahesabu, na wakasema walichokiona bila kuzidisha. Mwalimu akimwongoza mtoto kupita njia hiyo hiyo, ya kuuliza, kutazama, kuhesabu na kusema kweli, basi tokeo la utafiti huwa mali ya mtoto, naye anaweza kulipeleka nyumbani kwa adabu. Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha tunawashauri wasilipime somo hili kwa mtihani tu. Baada ya mwezi mmoja na wawaulize watoto, kwa upole, kama kuna jambo lolote lililobadilika jikoni kwao. Majibu hayo, hata yakiwa machache, ndiyo yatakayowaonyesha kama walifundisha au waliandika tu ubaoni.