Saba Saba si maonyesho tu



Juzi nilikuwa ndani ya daladala ya kwenda Mbagala. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, jirani na viwanja vya maonyesho, nikamsikia kijana mmoja akimwuliza mwenzake, "Hivi hii Saba Saba ni sikukuu ya nini hasa?" Mwenzake akamjibu bila kusita, "Ya maonyesho, bwana. Ulidhani ya nini?" Abiria tukacheka, na konda naye akacheka. Mama mmoja aliyekuwa ameketi dirishani, ambaye lafudhi yake ilionyesha kuwa ametoka Nairobi, hakucheka. Alisema tu, "Kwetu siku hiyo tunafunga maduka, na watoto hawatoki nje."

Basi nikaona leo tuizungumzie tarehe hiyo moja, maana watu wawili wanaweza kukaa kiti kimoja, wakasema lugha moja, na bado kila mmoja akawa na Saba Saba yake.

Tuanze na jina. Wenzetu wa Ulaya mwezi wa Julai kwao ni katikati ya majira ya joto, watu wako likizo. Sisi huku tumo ndani ya kipupwe, na mwezi wenyewe wengi wetu tunauita kwa hesabu tu, mwezi wa saba. Siku ya saba ya mwezi wa saba ikawa Saba Saba. Jina jepesi la namna hiyo halihitaji kufundishwa shuleni. Lakini lina hatari yake: haliseme siku hiyo lilitokea jambo gani. Ukisema Siku ya Uhuru, hata mtoto ataelewa. Ukisema Saba Saba, umetaja tarehe tu, na maana yake inabidi aliyeijua amsimulie asiyeijua.

Maana ya kwanza ilipatikana Dar es Salaam, siku ya Jumatano, Julai 7, 1954. Wajumbe wa chama cha Tanganyika African Association, yaani TAA, kilichokuwapo tangu mwaka 1929, walikutana na kukigeuza kuwa chama cha siasa cha kudai uhuru, Tanganyika African National Union. Hiyo ndiyo TANU. Rais wake alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Kambarage Nyerere, ambaye mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili aitumikie siasa.

Leo tukisimulia habari hii tunairukia haraka hadi Desemba 9, 1961, siku ya uhuru, kana kwamba njia ilikuwa imenyooka. Haikunyooka hata kidogo. Chini ya serikali ya kikoloni, kuanzisha tawi la chama lilikuwa jambo la kusajiliwa, na kufanya mkutano wa hadhara lilikuwa jambo la kuombewa kibali. Katika Jimbo la Ziwa, huko Mwanza na sehemu za jirani, TANU ilikatazwa kufanya shughuli zake mwaka ule ule wa 1954, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1958. Kwa hiyo wazee wetu, kabla ya kudai uhuru wa nchi, walikuwa na dai dogo lililotangulia: waachwe wakutane, wazungumze.

Naomba jambo hilo mliweke akilini, kwa sababu sasa tunavuka mpaka kwenda Kenya, na huko tutalikuta tena.

Mwaka 1982 katiba ya Kenya ilibadilishwa, kikaingizwa kifungu cha 2A kilichofanya KANU kiwe chama pekee nchini. Mwaka 1988 ukafanyika uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura wakipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea wanayemtaka. Manung'uniko yakawa mengi. Mei 1990 wanasiasa wawili waliowahi kuwa mawaziri, Kenneth Matiba na Charles Rubia, huyu wa pili akiwa ndiye Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, waliwaita waandishi wa habari na kutaka vyama vingi virudishwe. Wakatangaza mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi, Julai 7.

Kibali kilikataliwa. Siku tatu kabla ya mkutano, Matiba na Rubia walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Wananchi wakaenda Kamukunji hivyo hivyo. Polisi wakawapokea kwa virungu, mabomu ya machozi na risasi, na ghasia zikaenea katika miji mingine kwa siku kadhaa. Kwa hesabu ya chini watu 20 walikufa, na zaidi ya 1,000 walikamatwa. Mwezi Desemba mwaka 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na Desemba 29, 1992 Wakenya walipiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi.

Sisi Tanzania tulifika mahali hapo kwa njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 kukusanya maoni. Wengi waliosikilizwa walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na ikawa hivyo mwaka 1992. Ndiyo maana Saba Saba yetu haikuingia damu, na ndiyo maana pia tuliweza kuiachia iwe siku ya matembezi.

Wakenya hawakuweza. Julai 7, 1997 watu waliitwa tena kukutana, safari hii kudai marekebisho ya katiba na ya sheria kabla ya uchaguzi. Polisi waliwafuata hata ndani ya Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, na Mchungaji Timothy Njoya ni miongoni mwa waliopigwa. Watu kadhaa waliuawa siku hiyo. Baadaye mwaka huo huo, baada ya mazungumzo ya vyama bungeni, sheria ya mikutano ilibadilishwa: mwenye mkutano haombi tena leseni, bali anawapa polisi taarifa. Msikilizaji unaweza kuona ni tofauti ndogo ya maneno. Si ndogo. Anayeomba leseni anaweza kunyimwa, na akinyimwa mkutano umekufa. Anayetoa taarifa tayari ana haki yake mkononi, na kazi ya polisi ni kuulinda mkutano. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, ikaiandika haki hiyo waziwazi.

Hata hivyo, maandishi ni kitu kimoja na barabara ni kitu kingine. Julai 7, 2025, vijana walipotoka kuadhimisha siku hiyo kwa maandamano, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Sasa mnaelewa kwa nini yule mama hakucheka.

Wala tusiwanyoshee wenzetu kidole. Hapa kwetu mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa mwaka 2016, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Nchi iliyozaliwa katika mkutano wa Saba Saba ilikaa zaidi ya miaka sita bila mikutano ya aina hiyo. Nyumba ya jirani ikifuka moshi, ni vema ukatazama na jiko lako.

Tarehe hii imebeba na mambo ya heri. Julai 7, 2000 ndipo mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza kufanya kazi, baada ya ile ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Na Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe inayohusishwa na kuzaliwa kwa TANU, chama kilichoitumia lugha hii kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja.

Yaangalieni mambo hayo kwa pamoja: chama, Kamukunji, Jumuiya, lugha. Yote ni habari ya watu kukutana na kuzungumza. Hata maonyesho yenyewe ni mkutano, wa mwenye bidhaa na mnunuzi. Mimi nilipokuwa mdogo baba alinipeleka huko nikiwa nimevaa viatu vipya, tukala mishikaki, tukarudi tumechoka, na hakuna aliyeniambia kitu juu ya mwaka 1954. Simlaumu marehemu baba yangu. Kwa watu wa rika lake, jambo lililojulikana na kila mtu halikuwa na haja ya kusimuliwa. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa pia Sikukuu ya Wakulima. Wakulima nao wakahamia Nane Nane, na maana nyingine ikahama pamoja nao.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwakani ukimpeleka mtoto viwanjani, mnunulie anachotaka, abembee mpaka aridhike. Ila mkiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani, na foleni ya Barabara ya Kilwa mnaijua, itawatosha kwa hadithi mbili: ya wazee waliokutana Dar es Salaam mwaka 1954, na ya watu waliokwenda Kamukunji bila kibali mwaka 1990. Asiposikia kwako, atajibiwa na mwenzake ndani ya daladala.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.