Bibi na babu wanaofunga mizigo kwenda misioni

Wamama wenzangu, jambo hili lilianzia kwenye likelemba yetu. Tulikuwa tumemaliza kuhesabu feza, tunangojea tu mvua ikatike, mama mmoja akauliza: “Wale wazungu wawili wazee tunaokutana nao sokoni, mume anabeba kikapu, bibi anachagua nyanya, wao hawana watoto? Nani aliwaacha waje kuzeekea huku?” Tukacheka. Mwingine akasema labda wakamwana wao waliwachoka. Mimi nikanyamaza. Mwalimu akikosa jibu mbele ya watu hapati usingizi, kwa hiyo nilianza kuuliza na kusoma.

Wazee wale ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanaliita la Wamormoni. Sisi katika chama chetu tunatoka makanisa mbalimbali, na siandiki ili kumvuta mtu upande wowote. Ninaandika juu ya maisha ya bibi na babu wanaofunga nyumba yao na kwenda kutumika mbali, wakati ambapo kwetu mzee hukaa chini ya muembe na kungojea wajukuu wamletee maji.

Watoto wao wapo, ni watu wazima, na hakuna aliyewafukuza. Katika kanisa lile, mume na mke waliokwisha kulea wanaweza kuomba kwenda misioni pamoja kwa miezi 6, 12, 18 au 23. Hawalipwi mshahara. Nyumba ya kupanga, chakula na usafiri vinatoka kwenye mfuko wao, yaani pensheni na akiba ya miaka mingi. Hapo wamama wengi watasimama. Kwetu mzee akiacha kazi anangojea hesabu yake ya mwisho mpaka meno yanaisha, sasa atatoa wapi feza ya kujilipia kazi ya Mungu ng'ambo? Ni kweli, na inafaa tuiseme wazi: sadaka ya namna hii inahitaji uzee ulioandaliwa.

Kazi zao si za kupiga hodi nyumba kwa nyumba kama wanavyofanya vijana wao. Wengine wanashika daftari katika biro ya misioni, wengine wanafundisha, wengine wanafuata kazi za visima na misaada, au wanasaidia watu kuandika majina ya mababu zao.

Lakini mimi nilitaka kujua mwanzo, nikaupata Nigeria, mwaka 1978.

Lazima kwanza niseme jambo chungu. Kwa zaidi ya miaka mia, kanisa lile halikuwapa wanaume weusi ukuhani, na Mwafrika hakuweza kuongoza kusanyiko. Sheria hiyo iliondolewa mwezi wa 6, 1978. Miezi mitano tu baadaye, jozi mbili za wazee zilifika Nigeria kutoka Marekani: Rendell na Rachel Mabey, na Edwin na Janath Cannon. Mabey alikuwa mwanasheria wa miaka 70 aliyepata kukaa katika baraza la jimbo la Utah. Mama Janath Cannon alikuwa na miaka 60, na huyu ndiye aliyenishika mkono katika habari hii. Tangu 1974 alikuwa mshauri wa kwanza wa rais wa chama cha wamama cha kanisa lao kwa dunia nzima, Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, kilichoanzishwa 1842 katika mji wa Nauvoo. Mama wa cheo kama hicho, mwenye biro na waandishi, aliiacha nafasi yake ili aende kutumika mbali.

Kule Imo, kusini-mashariki ya Nigeria, walikuwa wanangojewa. Mwalimu mmoja wa shule, Anthony Obinna, alikuwa ameota ndoto ya mtu aliyemwonyesha jengo zuri. Miaka ikapita. Wakati wa vita vya Biafra, watu wamejifungia nyumbani, alichukua gazeti kuukuu, Reader's Digest la 1958, akaona picha ya jengo lile lile: hekalu la Wamormoni la Salt Lake City. Mwaka 1971 aliandika barua kuomba watu waje kumfundisha. Alijibiwa kwamba kwa wakati ule hakuna wa kutumwa. Akaandika tena, na tena. Pamoja na ndugu zake alikusanya watu, wakasali kwa namna waliyoielewa, jirani wakiwacheka.

Mimi kama mwalimu najua barua isiyopata jibu inavyouma. Nimeziandika kwa ajili ya madirisha ya darasa langu, miaka mitatu sasa. Huyu alingoja miaka saba, na alipowaona wazee wale mlangoni hakuwalaumu. Aliwaambia kwamba kungoja kulikuwa kugumu, lakini hayo yamepita, kwa kuwa sasa wamefika.

Tarehe 21 mwezi wa 11, 1978, watu 19 walibatizwa mtoni. Siku hiyo hiyo Obinna aliwekwa kuwa kiongozi wa tawi, na mke wake Fidelia akawa rais wa chama cha wamama. Fidelia Obinna ni jina ambalo wamama tungepaswa kulijua. Tunasoma sana juu ya ndoto ya mume, lakini nyumba ambayo watu walikusanyika miaka yote ile ilikuwa pia yake. Ninyi mnajua nani anafagia watu wakiondoka, na nani anatafuta kitu cha kuwapa wageni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanatumwa mume na mke, na si mume peke yake. Mzee Mabey angeweza kubatiza na kuweka viongozi. Lakini kukaa na mama aliyechaguliwa jana kuongoza wenzake na kumwonyesha namna ya kupanga kikao na ya kumtembelea mgonjwa, hiyo ilikuwa kazi ya Rachel na Janath. Kutoka Nigeria walikwenda Ghana, ambako Joseph William Billy Johnson alikuwa akihubiri kwa kitabu cha Wamormoni tangu 1964 bila kutumwa na mtu. Baada ya mwaka mmoja hivi, wazee wanne waliacha nyuma zaidi ya waumini 1700 katika nchi hizo mbili.

Ila si yote yalikwenda kama maji mtoni. Kule Sekondi-Takoradi, Ghana, kulikuwa mama mmoja, Rebecca Mould, nabii mwenye kanisa lake kubwa. Yeye ndiye aliyehubiri, yeye ndiye aliyeombea wagonjwa, wanaume walikaa chini na kumsikiliza. Wageni walipofika aliwapokea, akabatizwa na watu wake. Lakini katika kanisa lile ukuhani ni wa wanaume, basi uongozi wa kusanyiko alilolijenga ukapewa mwanaume, na yeye akawekwa juu ya wamama. Baada ya muda si mrefu aliondoka, na sehemu ya watu wake wakamfuata.

Nimesoma habari ya Mama Rebecca mara mbili, na bado inanikwama kooni. Wazee wale hawakuja na ubaya. Walifuata utaratibu wa kanisa lao. Lakini fikiria umejenga nyumba kwa mikono yako, anakuja mgeni mwenye heshima, anakushukuru sana, halafu anakuonyesha chumba chako kipya huko nyuma. Ningependa kujua Janath Cannon alimwambia nini siku ile, mama kwa mama. Baadaye Janath alirudi kwao na kushirikiana na wanawake wengine wawili kuandika kitabu kikubwa cha historia ya chama cha wamama cha kanisa lao, kilichotoka 1992.

Kwetu Kongo pia mlango ulifunguliwa na mume na mke: Ralph na Jean Hutchings, waliofika Kinshasa mwanzoni mwa 1986, wakati inchi ingali inaitwa Zaire. Mwaka 2019 hekalu lao lilifunguliwa Kinshasa, na leo wazee wa namna ile wanaonekana katika miji yetu, mpaka sokoni kwenye nyanya.

Baki swali la wajukuu, ambalo ndilo swali la kweli la yule mama. Katika siku za akina Cannon, habari za nyumbani zilikuja kwa barua, nayo ilichukua majuma. Leo kuna simu yenye picha, na tangu 2011 kanisa linawaruhusu warudi nyumbani kwa siku chache kukiwa na jambo kubwa la familia, kwa gharama yao. Lakini mjukuu anayejifunza kutembea hakungoji urudi. Na mama mwenye kichanga, nani atamkanda? Kwetu bibi ndiye anayekaa na mzazi mpaka nguvu zirudi. Akiondoka miezi 18, pengo lake halijazwi na simu.

Juma lililopita niliyasoma haya yote kwenye likelemba. Yule mama aliyeuliza alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake vizuri. “Feza, tungekusanya,” akasema. “Wajukuu, dada yangu angewashika. Lakini ninyi mnamjua mume wangu. Kumvusha Kafubu tu alale ng'ambo siku mbili, ni mpaka niite wajomba wake.”