Kulinunua Jengo la Tesla Ilikuwa Kazi Nyepesi

Mwaka 1901, huko Shoreham katika kisiwa cha Long Island, Marekani, mvumbuzi Nikola Tesla alianza kujenga maabara ya matofali. Kando yake ukasimama mnara wa mita 57 hivi. Alikusudia kurusha ujumbe bila waya hadi ng'ambo ya Atlantiki, na baadaye hata umeme wenyewe. Tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000. Alipoombwa nyongeza, alikataa.

Mambo yakaenda mrama. Mwaka 1917 mnara ulibomolewa ili vyuma vyake visaidie kupunguza deni la Tesla katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Maabara ilinusurika, ikageuzwa kiwanda cha vifaa vya kupigia picha. Kiwanda nacho kilifungwa baadaye, kikaacha udongo wenye kadimiamu, metali yenye sumu iliyolazimu eneo hilo kusafishwa.

Eneo lilipotangazwa kuuzwa, ilihofiwa kwamba mnunuzi angebomoa kila kitu. Mwaka 2012 mchora vibonzo Matthew Inman akaitisha harambee kwenye intaneti. Zaidi ya watu 30,000, kutoka nchi zaidi ya 100, walichanga dola milioni 1.3 na ushei. Mwaka uliofuata shirika lisilo la kibiashara likalinunua eneo hilo kwa dola 850,000, kwa nia ya kulifanya kituo cha sayansi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Jengo la kale huja na paa bovu, nyaya zilizochakaa na masharti ya uhifadhi yanayomzuia fundi kubomoa apendavyo. Mwaka 2018 maabara iliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Novemba 2023, ukarabati ukiwa unaendelea, moto ukaiharibu vibaya. Muongo mzima ulikuwa umepita tangu inunuliwe.

Ila mafunzo hayakusubiri rangi ikauke. Watoto wamekuwa wakija kufanya majaribio, na Julai, mwezi aliozaliwa Tesla, umma hualikwa kwenye sherehe ya sayansi.

Njia hiyo ya kufundisha kabla jengo halijakamilika ilikwishatumiwa San Francisco. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua kituo cha sayansi cha Exploratorium ndani ya jumba lililobuniwa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1915. Hakusubiri ukumbi upambwe. Aliweka vifaa vya kushikwa na kuchezewa, na mafundi waliovitengeneza walifanya kazi mbele ya wageni. Mwaka 2013 kituo kilihamia kwenye gati la zamani la bandari ya mji huo, ambako kipo hadi leo.

Historia ya jengo huvuta wageni na wafadhili, lakini haimfundishi mtoto namna sumaku inavyozalisha umeme. Kazi hiyo inahitaji walimu, vifaa na fedha za kila mwaka. Basi wanaopanga kuokoa stesheni, ghala au kiwanda kilichofungwa wasiishie kuhesabu bei ya kununua. Waweke bayana mapema nani atalipia walimu, ulinzi na bima katika mwaka wa kumi.