Usichome Majani, Funika Mizizi

Ndugu msomaji, tazama parseli yako asubuhi. Binti amekwisha kufagia, udongo ni safi kama meza, majani yote yamekusanywa pembeni na moto unawaka. Jirani anapita, anasifu. Lakini angalia ile hibiskusi karibu na mlango. Jua la mwezi wa pili linaipiga, na udongo juu ya mizizi yake uko uchi kabisa. Tumechoma blanketi yake.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka mmoja nilileta kutoka Bukavu mche wa fuksia, lile ua linaloninginia kama hereni. Hapa Kisangani majani yake yalilegea. Nikafikiri ni kiu, nikamwaga maji asubuhi, mchana na jioni. Mizizi ikaoza, ua likafa. Bibi yangu aliniambia: «Baba, umeliua kwa mapendo.»

Kiisha nikauliza, nikasoma. Fuksia ilipewa jina hilo na mtawa Mfaransa Charles Plumier, katika kitabu cha mwaka 1703, kwa heshima ya Leonhart Fuchs, daktari Mjerumani aliyejua sana mimea. Aina nyingi zinatoka Amerika ya Kati na ya Kusini, katika milima yenye usiku wa baridi. Bukavu iko juu, karibu metre 1,500. Sisi tuko karibu metre 400, na usiku wetu ni wa joto. Ndio maana fuksia inateseka huku, hata mikononi mwa mtu mwenye bidii.

Lakini tujifunze kwa wale wanaoilima Ulaya. Wanayo aina ngumu, inayotoka upande wa kusini wa Chile na Argentina. Baridi kali ikija, matawi yanakauka. Wao hawang’oi. Walikwisha kuipanda chini sana; sasa wanafunika shina kwa majani makavu, na matawi yaliyokauka wanayaacha mpaka baridi ipite. Kiisha machipukizi yanatoka chini, sababu mizizi ilikuwa hai.

Sisi hatuna baridi hiyo. Mvua inanyesha hapa kila mwezi, zaidi ya milimetre 1,500 kwa mwaka. Lakini kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili inapunguka, na jua linakuwa kali. Adui ni mwingine, lakini dawa ni ileile: linda mizizi. Fanya hivi:

1. Majani uliyofagia, yaweke chini ya ua, unene wa vidole vine. Yasiguse shina, lisioze. Usiyaweke karibu na mlango, nyoka asijifiche.

2. Mwaga maji jioni ao asubuhi mapema. Afazali ndoo moja mara mbili kwa juma kuliko kikombe kila siku, maana maji machache hayafiki chini. Mbele ya kumwaga, ingiza kidole katika udongo: kama kuna unyevu, ngoja. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri. Maji yenye sabuni nyingi, hapana.

3. Usikate matawi wakati wa jua kali. Ngoja mvua za mwezi wa tatu.

4. Tawi likionekana limekufa, kwangua ganda kwa ukucha. Ukiona rangi ya kijani, liko hai. Kama ni kavu, kwangua chini zaidi, karibu na udongo. Wengi wameng’oa mti uliokuwa hai bado!

Vijana, mwezi wa tatu ni wakati wenu. Kateni tawi la hibiskusi lenye unene wa kalamu na urefu wa mkono. Ondoeni majani, mbakize mawili juu. Pandeni nusu yake katika mkebe uliotobolewa chini, mwuweke kivulini, udongo usikauke. Katika majuma machache mtaona majani mapya.

Najua wengine mnasema: «Tutapanda maua ya nini? Baba anafuata almasi, kesho tutahama.» Basi, siku ya kuhama, kateni tawi, mlifunge katika kitambaa chenye maji, mwende nalo. Mti mama mwachie yule atakayeingia nyumbani nyuma yenu. Na mmwambie asichome majani.