Kijana Anayetaka Kusoma Biashara Kanada

Mzazi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuja kutuuliza kama yafaa aweke rehani mikarafuu yake ili mwanawe aende kusoma biashara katika chuo kikuu huko Kanada. Tukamwuliza, je, kijana amekwisha kubaliwa? Akajibu, "Bado, lakini dalali kasema atakubaliwa tu." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Vyuo vile huchagua wanafunzi vyenyewe, na hapana dalali awezaye kumhakikishia mtu nafasi.

Ndugu wanachama, karafuu hazingoji mizani ndipo zijulikane. Mwenyewe akizitia mkononi ajua kama zimekauka na kama makonyo yamechambuliwa. Kijana naye aweza kujipima kabla ya kuomba.

Kanada haina mtihani mmoja wa taifa wa kuingilia chuo kikuu. Kila jimbo lina mambo yake ya elimu, na kila chuo kina masharti yake. Chuo hutangaza alama ya chini ya kuombea, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Alama ile ni kizingiti tu. Tuseme chuo kimetaja asilimia 85, na wengi wa walioomba wana 92. Mwenye 85 amefika barazani, lakini ndani hakuitwa. Basi itafutwe habari ya waliokubaliwa mwaka uliopita, isitazamwe ile ya chini peke yake. Wala mtu asizigeuze A na B zake za Kidato cha Sita kuwa asilimia kwa hesabu ya kichwani. Asome, au akiulize chuo kwa barua, sharti liwahusulo wenye vyeti vya Tanzania.

Lililo kubwa kuliko yote ni hesabu. Rotman Commerce ya Chuo Kikuu cha Toronto yataka kalkulasi, na Sauder ya Chuo Kikuu cha British Columbia, huko Vancouver, nayo yataka hesabu za juu za skuli. Sasa kijana aliyechukua ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, hudhani amejitayarisha kuliko wenziwe wote. Kumbe hesabu alizosoma kwa kawaida ni zile ndogo za BAM, na mwenziwe wa EGM mwenye Hesabu za Juu ndiye aliye karibu zaidi na mlango. Jambo hili huamuliwa wakati wa kuingia Kidato cha Tano. Akiligundua mwaka wa pili amechelewa, na twasikitika kusema kuwa wazazi wengi hatulijui.

Kiingereza hupimwa pia. Toronto na British Columbia hutaka 6.5 katika mtihani wa IELTS kwa yule asiye na msamaha.

Vyuo hivyo viwili, tena, humtaka mwombaji ajibu maswali juu ya maisha yake. Hapa mtoto wa mkulima asijidharau. Aliyeandika daftari la msimu, akawalipa wachumaji kwa pishi na kujua faida iliyobaki ilikuwa shilingi ngapi, ana la kusema. Na aliseme hilo kwa tarakimu zake, aache kuandika kwamba aipenda biashara tangu utoto. Hayo huandikwa na kila mtu.

Ivey, ya Chuo Kikuu cha Western, ina desturi ya peke yake: mwanafunzi husoma kwanza miaka miwili katika kitivo kingine, ndipo aingie Ivey mwaka wa tatu. Anayeitaka na aulize barabara ni nini kitakachomwezesha kuvuka hapo katikati.

Kuna na shida ya majira. Kidato cha Sita hufanya mtihani mwezi wa Mei, matokeo hutoka Julai, na masomo Kanada huanza Septemba, hali maombi yamekwisha fungwa miezi mingi nyuma. Chuo humpima kijana kwa alama za skuli na makadirio ya walimu, kama anunuaye karafuu zingali mtini. Wengine huona heri kungoja mwaka mmoja, waombe na cheti mkononi.

Tukirudi kwa mzee wetu na mikarafuu yake: ada ya Toronto kwa mgeni imepita dola 60,000 za Kanada kwa mwaka. Chuo cha Memorial, kilicho kisiwani Newfoundland, hutoza chini mno ya hapo, nacho chafundisha biashara. Mbali na ada, serikali ya Kanada hutaka fedha za kuishi zionyeshwe kabla ya kutoa kibali cha kusoma. Kiasi hicho kilipanda kutoka dola 10,000 hadi 20,635 tarehe 1 Januari 2024, na baadaye kikapanda tena. Tulimshauri asiweke rehani hata mti mmoja mpaka barua ya kukubaliwa iwe mkononi, na hesabu ya miaka yote minne imepigwa.

Toronto inao msaada uitwao Lester B. Pearson, unaolipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne. Hupata wachache sana, nao sharti wapendekezwe na skuli, na kila skuli hupendekeza mmoja tu. Mwenye mtoto hodari katika Kidato cha Sita na amwendee mwalimu mkuu mapema, kabla ya mwezi wa Oktoba.